Ukuta wa Mji Mkongwe wa Zanzibar unaobanduka: saruji au chokaa?

Chokaa, shekhe. Usipige lipu ya saruji hapo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kupitia lipu. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea: yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, chokaa ya ndani inalegea, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza. Fundi atakwambia saruji ina nguvu. Kweli, na hilo ndilo tatizo, maana ukuta wenyewe ni laini na husogea kidogo; saruji haisogei, inapasuka na kubanduka na vipande vya mawe. Nimefanya kazi na mafundi wa chokaa Shangani, tumebandua lipu za aina hiyo nyingi tu.

Ila kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la choo linavuja au mfereji wa paa umeziba. Ukishatengeneza hapo, bandua lipu, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji, iliyochanganywa na mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, ukiinyunyizia maji isikauke haraka.

Kama ufa umetokeza upande wa pili au ukuta umefura tumbo, lipu haitoshi: tegemeza dari kwa miti, muite mhandisi. Na kabla ya kugusa chochote, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba za matofali za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, ni habari nyengine.