Kwa nini chungu hulipuka kikichomwa
Ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, si ubovu wa udongo wenyewe. Yakifika nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hubomoa ukuta wa chungu. Kiguse kwa shavu: ukihisi ubaridi, hakijakauka, hata kama rangi imeshapauka. Kitako ndicho hukawia zaidi, maana ni kinene. Siku ya kuchoma, kipashe kwanza pembeni mwa moto huku ukikigeuza, mpaka kisishikike kwa mkono mtupu. Wafinyanzi wengi huchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyosagwa ili mvuke upate njia. Ila ufa mwembamba unaojitokeza baadaye mara nyingi huletwa na kukitoa majivuni mapema, kikakutana na upepo.