Faili zinasomwa, seva inagoma

SWALI: Shikamoo kaka, niko Kigoma Ujiji, programu yangu ya Node.js ikisoma faili nyingi za mizigo kwa mpigo, hata kuunganisha na seva kunachelewa, shida nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Node.js inatumia libuv, maktaba inayoifanyia kazi za faili na mtandao, na libuv kwa kawaida ina thredi (nyuzi za kufanya kazi sambamba) 4 tu, kusoma faili na kutafuta anwani ya seva vyote vinapita humohumo, kazi ya tano inasubiri kama abiria wa boti pale Kibirizi. Ongeza UV_THREADPOOL_SIZE, namba inayopanga idadi ya thredi hizo, kabla hujaiwasha programu. Faili zinapita kwenye thredi kwa sababu epoll, njia ya Linux ya kungojea mambo mengi kwa mpigo, inakataa faili za kawaida za diski. Afadhali io_uring, njia nyingine ya Linux, ilikuja 2019 na Linux 5.1, unapanga maombi kwenye foleni unaendelea na kazi, keneli (kiini cha Linux) ikimaliza inakuwekea majibu, mi naipenda sana hii.