Maswali na Majibu: Ardhi ya Porini, Tuishi au Tuwekeze?

Wiki hii barua nyingi zimekuja juu ya kitu kimoja, watu kutaka kununua ardhi mbali kabisa na miji, huko ambako jirani wa karibu ni wanyama. Nimechagua chache, zingine zilikuwa zinajirudia.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi na mume wangu tumechoka na kelele za mjini, yeye kila jioni anaangalia matangazo ya ardhi huko porini, eka 40 kwa bei ya kiwanja kimoja cha mjini, anasema twende tukajenge tuishi, halafu baada ya miaka kumi tuuze tule faida. Mimi nasema ardhi haiozi, tununue tu tuiache ipande thamani. Mabishano hayaishi. Nani yuko sahihi?
Mama wa watatu

JIBU: Dada yangu, mnabishana kana kwamba mnazungumzia ardhi moja kumbe ni mbili. Ardhi ya kuishi mtu anainunua kwa sababu ya ukimya, umbali, hakuna wa kumgongea mlango. Ardhi ya kuwekeza anainunua kwa sababu kuna siku mtu mwingine ataitaka kuliko anavyoitaka yeye. Sasa angalia vizuri, kile kile kinachomvutia mumeo ndo kitakachomkimbiza mnunuzi wenu wa baadae. Hakuna barabara, hakuna umeme, hakuna hospitali, na benki nyingi hazipendi kukopesha mtu anayenunua pori tupu, au zinamtaka atangulize hela nyingi sana. Manake mnunuzi wako lazima awe na keshi mkononi, na wenye keshi wanaotaka kukaa porini ni wachache, kwahiyo tangazo lako linaweza kukaa miaka na miaka huku unapunguza bei kidogo kidogo.

Na hili la "ardhi haiozi" nalisikia sana. Udongo hauozi kweli, ila kodi ya ardhi inakuja kila mwaka sehemu nyingi, mipaka inasogezwa, miti inakatwa usiku, watu wanahamia wanajenga, na kwenye sheria za nchi nyingi mtu akikaa kwenye ardhi yako miaka ya kutosha bila kupingwa anaweza kudai ni yake. Pori lisilo na mtu wa kuliangalia linaliwa.

Mfano upo wazi. Mwaka 1958 huko Marekani, kwenye jangwa la Mojave, mtu mmoja anaitwa Nat Mendelsohn alianzisha mji wa California City, eka kama 80,000, akachora mitaa kibao, viwanja vikauzwa kwa maelfu ya watu walioambiwa hapa ndo panakuja mji mkubwa. Mji ule mpaka leo una watu kama 15,000 tu. Ukifungua picha za setilaiti unaiona ile mitaa imechorwa kwenye mchanga, kona zake, mizunguko yake, vizuri kabisa, na hakuna nyumba hata moja pembeni. Waliouziwa hawakuibiwa ardhi, ardhi ipo na hati wanazo. Walichokosa ni mtu wa kumuuzia.

Kwahiyo ushauri wangu kwenu: kama mnataka kuishi, nunueni kwa hela ambayo hata isiporudi hamtalala njaa, na faida ikija ije kama bahati. Kabla ya kununua pangeni nyumba au kibanda eneo hilo hilo, mkae msimu ule mbaya, wa matope au baridi au kiangazi, sio ule wa picha za tangazo. Kama mnataka kuwekeza, basi acheni habari za eka 40 mbali kabisa, tafuteni kipande kidogo pembeni mwa mji unaokua au barabara inayojengwa kweli kweli, yani unaona mashine zinafanya kazi na sio unasimuliwa na dalali. Kukipata kipande kimoja kinachofanya yote mawili vizuri inawezekana, ila mimi nisingeweka akiba yote ya familia hapo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimepata eneo zuri sana, eka 25, msitu na kilima, tatizo kufika inabidi kupita kwenye shamba la mtu mwingine. Muuzaji anasema hamna shida, kila mtu anapita hapo tangu zamani na mwenye shamba ni rafiki yake. Nimeshalipa kishika uchumba. Niendelee?
Kijana wa kilimani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe hata senti nyingine mpaka umemaliza kusoma hapa.

Kuna ruhusa na kuna haki. Ruhusa ya kupita ni maneno ya urafiki, inakaa mpaka siku wakigombana, au yule mwenye shamba akifariki watoto wake wakauza, na mwenye shamba mpya akaja na geti na kufuli. Siku hiyo wewe una eka 25, una hati safi, na huwezi kuingia kwako. Au unaingia kwa miguu lakini lori la matofali haliruhusiwi, ambapo kwa mtu anayejenga ni yale yale.

Haki ya njia ni kitu kimeandikwa na kusajiliwa, na muhimu hapa, imesajiliwa kwenye ile ardhi ya jirani, sio kwenye mkataba wako na muuzaji peke yake. Ndo inabaki hata shamba likiuzwa mara tatu. Na mkiandika msiishie "atapita". Andikeni upana wa njia kwa mita, magari ya aina gani, usiku na mchana, nani anachonga barabara mvua ikiiharibu, na kama unaruhusiwa kupitisha bomba la maji na nyaya za umeme humo humo, maana wengi wamepewa njia ya gari halafu wakanyimwa kuchimba mtaro wa bomba.

Haya matatizo hayapo kwa wanyonge tu. Marekani mwaka 1862 serikali iliwapa makampuni ya reli ardhi kwa mtindo wa dirafti, kipande cha maili moja ya mraba cha kampuni, kinachofuata cha serikali, kinachofuata cha kampuni tena, na mpaka leo magharibi ya nchi hiyo kuna vipande vimezingirwa pande zote na watu wanashtakiana mahakamani kwa kukanyaga kona pale vipande vinapokutana, wakivuka kutoka kipande cha serikali kwenda kingine. Zaidi ya miaka 160 imepita!

Na kuna sehemu njia ipo kisheria ila kiasili haipo. Alaska kwa mfano, kuna maeneo unafika kwa ndege ndogo inayotua kwenye maji, au kwa boti kiangazi, au kwa pikipiki ya theluji juu ya mto ulioganda. Kipindi barafu inaanza kushika na kipindi inavunjika, wiki kadhaa, hakuna boti wala pikipiki itakayopita, umekaa. Sasa piga hesabu kila mfuko wa saruji, kila bati, kila msumari unafika vipi. Mtu anaona bei ya ardhi ni ndogo anafurahi, kumbe gharama yenyewe iko kwenye kusafirisha mzigo.

Kwahiyo mwambie muuzaji, kwa upole tu, alete hiyo haki ya njia imesajiliwa kabla ya malipo mengine. Kama mwenye shamba ni rafiki yake kweli haitachukua muda. Akianza kuzunguka zunguka umeshapata jibu lako.

SWALI: Kaka mhariri, mto unapita katikati ya eneo ninalotaka kununua, maji meupe hayakauki. Nina haja gani ya kisima? Na nyumba naweza kuweka karibu na mto?
Mpenda maji

JIBU: Mto kupita kwako haina maana maji ni yako. Majimbo mengi ya magharibi mwa Marekani sheria ni kwamba aliyetangulia kuyatumia maji ndo ana haki ya kwanza, hata kama yuko kilomita nyingi chini, na wewe mwenye mto mlangoni unaweza ukaambiwa uyaangalie tu. Colorado walikuwa wakali mpaka kwenye maji ya mvua, ni mwaka 2016 ndo wenye nyumba waliruhusiwa kukinga kwa mapipa mawili, jumla lita kama 416. Nchi zingine maji yote ni ya serikali na unaomba kibali. Uliza hilo kwanza.

Nyumba karibu na mto, hapana, mpaka umeusoma mto wenyewe. Nenda kwa miguu, acha simu mfukoni, angalia miti ya ukingoni. Utaona mstari wa matope yaliyokauka kwenye magamba ya mti, chini yake rangi ya kijivu na juu yake rangi ya kawaida. Angalia matawi, kama kuna majani makavu, vijiti, au kipande cha nailoni kimenasa kwenye panda ya mti juu ya kichwa chako, ujue maji yalifika pale, na yatarudi. Wenyeji nao waulize, ila waulize wazee, na usiwaambie kwanza kama unataka kununua.

Kama paa utakuwa nalo, mvua ni maji pia. Hesabu yake rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja. Paa la mita za mraba 100 mahali panaponyesha milimita 600 kwa mwaka ni lita 60,000, toa zinazomwagika na kukauka, tuseme zinabaki 48,000. Gawa kwa siku 365 unapata kama lita 130 kwa siku, mtu mmoja au wawili wanaishi, familia ya watu sita wataanza kununiana. Na tenki lazima liwe kubwa maana mvua haiji kidogo kidogo kila siku ili ikufurahishe.

Kitu kingine watu wanasahau, maji yakishaingia lazima yatoke. Chimba shimo pale unapofikiria kuweka karo la maji machafu ya choo, jaza maji yazame yote, jaza tena, halafu kaa uone yanashuka kwa kasi gani. Yakikaa tu kama bwawa, udongo wako ni mfinyanzi na choo cha kawaida kitakusumbua. Yakipotea dakika hiyo hiyo, nayo sio habari njema, uchafu utakimbilia kwenye hicho kisima ulichosema hukihitaji. Na nchi za baridi kali kuna maeneo ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, ukijenga nyumba juu yake ukawasha moto ndani, joto linayeyusha chini na nyumba inazama upande. Ndo maana Yakutsk kule Siberia majengo yamesimama juu ya nguzo, hewa ya baridi ipite chini ya sakafu.

SWALI: Nimeona tangazo mtandaoni, ardhi porini nchi ya mbali, unalipa kidogo kidogo kila mwezi, hawataki hata kujua kipato chako. Picha zinavutia kweli. Ni salama?
Msomaji

JIBU: Kutouliza kipato chako sio wema. Mikataba mingi ya hivyo hati inabaki kwa muuzaji mpaka awamu ya mwisho, ukishindwa miezi michache anachukua ardhi pamoja na ulicholipa, halafu anamuuzia mwingine. Kuna eka zimeuzwa hivyo mara nyingi kuliko gari la mkononi.

Na utapeli huu ni wa zamani mno. Mwaka 1822 na 1823 Waingereza na Waskoti zaidi ya 200 walipanda meli kwenda nchi inaitwa Poyais, Amerika ya Kati, wameshanunua ardhi, wamebeba mpaka noti zake. Walipofika wakakuta msitu tu. Nchi ilikuwa kichwani mwa Gregor MacGregor aliyewauzia, na wengi walikufa kwa homa. Miaka ya 1960 kampuni ya Gulf American iliuza kwa simu na safari za bure viwanja vya Golden Gate Estates, Florida, sehemu kubwa ilikuwa kinamasi kinachojaa maji msimu wa mvua, na serikali baadae ikaja kununua upande wa kusini ili maji yarudishwe kama zamani.

Wewe leo una kitu wale hawakuwa nacho. Picha za setilaiti za Landsat ni bure tangu 2008, na za Sentinel-2 zipo tangu 2015, zinapita kila baada ya siku chache. Omba namba ya kiwanja na kona zake za jipiesi, yani zile namba zinazoonyesha mahali penyewe kwenye ramani, tafuta eneo hilo hilo msimu wa mvua miaka mitatu tofauti, uone kama linageuka ziwa au kama moto unapita kila kiangazi. Halafu uliza masijala ya ardhi ya huko jina la mmiliki na kama kuna rehani. Muuzaji asiyetaka kutoa kona za kiwanja mwache na picha zake.

SWALI: Je ni kweli kuna nchi zinagawa pori bure? Na nikikuta dhahabu kwangu ni yangu?
Mchimbaji mtarajiwa

JIBU: Zilikuwepo. Marekani kwa sheria ya 1862 walitoa eka 160 kwa anayekaa na kulima miaka mitano, ikafutwa 1976, Alaska wakaongezewa mpaka 1986. Urusi mwaka 2016 walianza kutoa hekta moja mashariki ya mbali kwa raia wake, kwa sharti la kuitumia kweli. Bure hiyo unailipa kwa jasho.

Dhahabu, kwa nchi nyingi ni ya serikali hata ikiwa chini ya kitanda chako, na hata jimbo la Alaska likikuuzia ardhi linabaki na madini ya chini. Kwahiyo ukiona kitu kinang'aa korongoni usikimbilie sururu, nenda ofisi ya madini uulize leseni ya eneo hilo ina jina la nani, inawezekana ilishatolewa kabla hujanunua, na mwenye nayo ana haki ya kuja kuchimba.