Bondia wa Uzito wa Juu Hutisha kwa Kitu Gani Hasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefuatilia ngumi za uzito wa juu kwa miaka mingi, na kila mimi na kaka yangu tunapokaa kutazama mapambano ya zamani, ubishi wetu huwa uleule. Yeye anashikilia kwamba bondia hutisha kwa umbo na macho yake, na kwamba wapinzani wengi wa Mike Tyson walikuwa wameshapigwa kabla kengele haijalia. Mimi nasema macho hayajawahi kumwangusha mtu, na kwamba kinachotisha ni uzito wa konde. Ni nani kati yetu aliye karibu na ukweli?

JIBU: Ndugu msomaji, ukinilazimisha kuchagua nitasimama upande wako, lakini nitakuomba usogee hatua moja zaidi. Konde zito humtia mpinzani tahadhari. Hofu ya kweli humwingia anapotambua kwamba mbele ya mtu yule hakuna mahali pa kupumzikia ulingoni wala muda wa kufikiri, na kwamba kila anachokifanya vizuri siku zote, leo hakifui dafu.

Suala la umbo tulimalize haraka. Nikolai Valuev wa Urusi alikuwa na urefu wa sentimita 213 na ndiye bingwa mrefu kuliko wote waliowahi kuvaa mkanda wa uzito wa juu, lakini mwezi Novemba 2009 David Haye, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye kwa takriban kilo 45, alimzunguka kwa raundi 12 na kumvua ubingwa kwa pointi. Rocky Marciano naye, ambaye katika mapambano yake makubwa hakuwa akifika hata kilo 86, alistaafu akiwa ameshinda mapambano yote 49, na 43 kati ya hayo aliyamaliza kwa KO, yaani kabla raundi zilizopangwa hazijaisha. Kwa vipimo vya leo asingehesabiwa hata kuwa bondia wa uzito wa juu, kwa kuwa uzito huo huanzia juu ya kilo 90.7.

Konde peke yake nalo halitoshi. Earnie Shavers alishinda mapambano 74, na katika 68 mpinzani hakufika mwisho. Sidhani kama kuna bondia wa zama zake aliyempuuza. Hata hivyo hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1979 alimwangusha Larry Holmes katika raundi ya saba kwa pigo la mkono wa kulia ambalo ungedhani limemaliza kila kitu, lakini Holmes aliinuka, akavumilia, na katika raundi ya 11 mwamuzi akalisimamisha pambano kwa faida yake. Mtu anayeweza kukuua kwa pigo moja lakini anachoka hukuachia tumaini moja la kushika, nalo ni saa.

Sasa mtazame Sonny Liston, ambaye kwangu mimi ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 185 tu, lakini mikono yake ikinyooshwa huku na huku ilifika sentimita 213, sawa na kimo kizima cha Valuev. Ngumi ya kushoto ya kunyoosha, ambayo mabondia wengi huitumia kupimia umbali na kumsumbua mpinzani, kwake ilikuwa silaha ya kuvunjia. Fikiria maana yake kwa aliyesimama mbele yake: ukikaa mbali, pale unapoamini kwamba hufikiwi, unafikiwa, ukiingia ndani ili kuukwepa mkono wa kushoto, unakutana na ngumi fupi za mtu mwenye nguvu kuliko wewe. Floyd Patterson, bingwa mwenye kasi kubwa, aliangushwa katika raundi ya kwanza mjini Chicago mwezi Septemba 1962, ikiwa ni dakika mbili na sekunde sita tangu pambano lianze. Waliporudiana Las Vegas mwaka uliofuata, alidumu sekunde nne zaidi. Baada ya hapo, Liston alipomkazia mtu macho katikati ya ulingo huku mwamuzi akisoma masharti, mtu yule hakuwa akiona macho tu. Alikuwa akimwona Patterson chini. Kaka yako hajakosea kuyataja macho, ila amesahau kilichoyapa uzito.

George Foreman alikuwa na njia nyingine, na naiona ya kutisha zaidi kwa mtu anayejua ngumi, kwa sababu mtazamaji wa kawaida anaweza asiione kabisa. Foreman hakumfukuza mpinzani kwa kumfuata nyuma, alimkatia njia. Mpinzani akielekea kushoto, yeye alipiga hatua ya pembeni na kumkuta kule anakokwenda, akazishusha ngumi za mpinzani kwa viganja, akamsukuma mabega, hadi ulingo ukawa mdogo kama chumba. Kabla ya Oktoba 1974 ni watu wawili tu waliokuwa wamemshinda Muhammad Ali, yaani Joe Frazier na Ken Norton. Foreman alimwangusha Frazier mara sita mjini Kingston mwezi Januari 1973, na Norton akamalizwa mjini Caracas mwezi Machi 1974. Wote wawili katika raundi ya pili. Frazier alikuwa mtu wa kusonga mbele maisha yake yote, na siku ile kusonga mbele ndiko kulikomwangamiza.

Na Tyson? Alikuwa na kimo cha sentimita 178 hivi, mfupi kuliko karibu kila aliyepambana naye. Aliingia ulingoni na bukta nyeusi, bila joho na bila soksi, na ni kweli kwamba sura ile ilifanya kazi yake. Lakini kilichowatisha mabingwa wenzake kilikuwa kasi: kichwa kisichotulia mahali pamoja, kisha ngumi mbili au tatu mfululizo, ya mbavuni ikiushusha mkono ili ya kidevuni ipite. Michael Spinks aliingia ulingoni mwezi Juni 1988 akiwa hajapoteza pambano hata moja, na akadumu sekunde 91.

Hapa ndipo kaka yako anapostahili haki yake, kwa kuwa hofu ina gharama mwilini. Bondia aliyeogopa hubana pumzi na kukaza mabega, na misuli iliyokazwa huchelewa na huchoka mapema, hata ukamwona mtu aliyejiandaa kwa raundi 12 akihema katika ya tatu. Hurusha ngumi nusunusu akiwa tayari kurudi nyuma, kwa hiyo ngumi zake hazimzuii mtu; hurudi nyuma kwa mstari ulionyooka hadi kambani; na macho yake hufuata mkono mmoja anaouogopa, akapigwa na ule asiouona. Konde usiloliona likija ndilo hasa linaloangusha.

SWALI: Mimi ni bondia chipukizi wa uzito wa juu. Nitafanya nini nikipangiwa mpinzani ambaye kila mtu anamwogopa, na mimi mwenyewe namwogopa?

JIBU: Kwanza, usione aibu kuogopa. Cassius Clay, ambaye baadaye alijiita Muhammad Ali, alipopimwa afya siku ya pambano lake na Liston mwezi Februari 1964, mapigo ya moyo wake yalionekana kufika 120 kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya kawaida yake. Usiku ule alimzunguka Liston kwa utulivu kiasi kwamba, baada ya raundi ya sita, bingwa alibaki amekaa kwenye kiti chake. Moyo kwenda mbio hakukumzuia kufuata alichokipanga.

Pili, mnyang'anye mpinzani wako kile anachokitegemea, nawe uanze mapema. Mjini Kinshasa, Oktoba 1974, Ali alitumia raundi ya kwanza kumpiga Foreman usoni kwa mkono wa kulia wa moja kwa moja, kisha akaegemea kamba na kumwacha apige mikono na mbavu hadi nguvu zikamwishia, akamwangusha katika raundi ya nane. Foreman, tangu awe bingwa, hakuwa amelazimika kuvuka raundi ya pili. Tyson Fury aliangushwa vibaya na Deontay Wilder katika raundi ya 12 mwezi Desemba 2018, akainuka wakatoka sare. Waliporudiana mwaka 2020 alikuja na takriban kilo 19 zaidi ya Wilder, akamsukuma nyuma tangu mwanzo na kumshinda katika raundi ya saba. Konde la Wilder lilihitaji nafasi ya kujinyoosha, na Fury hakumpa.

Siwezi kukuahidi kwamba utaamka kila ukiangushwa. Unachoweza kuwa nacho ni kitu cha kurudia ukiinuka: Buster Douglas aliangushwa na Tyson mjini Tokyo mwaka 1990 katika raundi ya nane, akainuka mwamuzi akiwa amefika tisa, akarudi kwenye ngumi yake ya kushoto iliyokuwa ikimsumbua Tyson tangu mwanzo, na katika raundi ya kumi akamlaza. Kwa hiyo mwombe kocha wako akutafutie wenzako wa mazoezi wanaobana na kukata ulingo, wala si wanaokuachia nafasi ya kupendeza. Fanya nao kazi ukiwa umeshachoka, mwishoni mwa zoezi, na ujifunze kutoa pumzi kila unaporusha ngumi na kutoka kambani kwa upande. Ukishazoea kukosa nafasi, siku ya pambano hutakutana na jambo geni.