Re: Rangi za nguo kwenye filamu hupangwa au ni bahati tu?
Ndugu, zinapangwa, mwigizaji havai tu anachojisikia. Rudia kuangalia Black Panther (2018), kwenye kasino ya Busan, Korea Kusini: wahusika Okoye gauni jekundu, Nakia kijani, T'Challa suti nyeusi. Wapange pamoja, umepata bendera ya Marcus Garvey ya 1920, ile nyekundu, nyeusi na kijani ya umoja wa watu weusi, na hakuna aliyetamka neno. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar kwa mavazi yale, ameshaeleza kuwa wekundu wa Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme, ulitoka pia kwa Wamasai.

Ila mbunifu wa mavazi akae na wa seti mapema. Nguo ya kijani mbele ya ukuta wa kijani, kinabaki kichwa kinaelea. Bongo Muvi (samahani wahusika) wengi hufeli hapo: sebule ya kukodi, makochi yanameza kila mtu.