Jibu (mchezo wa bridge): Nina pointi 16 na mwenzangu kafungua shupaza, niulize ree (A) au nifanyeje?

Mwenzako kafungua mnada kwa shupaza 1, nawe una K-J-7-4 ya shupaza, A-K-6 ya kopa, 8-5 ya uru na K-Q-10-3 ya pau. Umeuliza kama uruke moja kwa moja hadi 4 bila turufu, tamko la kumuuliza mwenzako ana ree ngapi. Usifanye hivyo. Tatizo ni uru mbili ndogo: akijibu ree mbili, huenda ni za shupaza na pau, na wapinzani wakaanza kwa kula A na K ya uru. Slemu (ahadi ya kula mizunguko 12 au yote 13) imekufa kabla hujagusa karata.

Anza na 2 bila turufu ya Jacoby, tamko linalomwambia mwenzako: nina turufu yako nne au zaidi, lazima tufike gemu (mkataba wenye bonasi). Akisema shupaza 3 (ana nguvu ya ziada, hana rangi fupi, yaani ya karata moja au isiyo na karata), sema pau 4 kuonyesha A au K ya pau. Akijibu uru 4, naye anaonyesha A au K ya uru, hivyo uru imelindwa. Sasa ndipo uulize kwa 4 bila turufu, mfalme (K) wa turufu akihesabiwa kama ree ya tano. Akiruka uru na kusema shupaza 4, pasi. Bila shaka mkubaliane mapema kama tamko hilo linaweza kuonyesha K, maana wengine huonyesha A kwanza.