"Indian made" au "Indian-made"?

Swali: Mhariri, baada ya salamu. Nina duka la leso Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na wageni wengi huuliza zimetengenezwa wapi. Kijana wangu aliandika kibao cha "Indian made leso". Nilihisi kuna kitu kimekosekana, ila sikuweza kumweleza ni nini. Je, na za hapa tuandike "Kenya" au "Kenyan"? Mwenye duka, Mombasa.

Jibu: Ndugu msomaji, jicho lako halikukosea: kilichokosekana ni kistari. Neno "Indian" ni kivumishi, lakini pia ni nomino yenye maana ya Mhindi, na "made" ni kitenzi cha wakati uliopita. Kwa hiyo mtu akiandika "the Indian made leso", msomaji aweza kuelewa kwamba Mhindi fulani alitengeneza leso. Kistari huyafunga maneno hayo mawili yakawa kivumishi kimoja: "Indian-made leso". Sisi tunapoandika "leso zilizotengenezwa India", kiambishi "zi-" kimekwisha kushikamana na leso, na ndiyo maana Mswahili hukisahau kistari kwa urahisi.

Kwa nchi, Kiingereza hupendelea kivumishi chake, basi andika "Kenyan-made". Mji hutumia jina lake lenyewe: kiti cha enzi kilichochongwa Lamu ni "a Lamu-made chair". Ukisema "Swahili-made" umemtaja mtengenezaji, hukutaja mahali. "Locally made" haihitaji kistari, kwa kuwa kielezi chenye "-ly" hujionyesha chenyewe kuwa kinafafanua "made".

Nomino ikitangulia, napendelea "made in India". Mtindo huu una historia: sheria ya Uingereza ya alama za bidhaa ya mwaka 1887 ilidai kwamba bidhaa za kigeni zenye alama zinazoweza kudhaniwa kuwa za Uingereza zionyeshe pia zilikotengenezwa, na ndipo maneno "Made in Germany" yakaenea.

Jambo moja nalisisitiza sana, kwa sababu mnunuzi huamini kile kibao. Leso iliyobuniwa hapa na kuchapishwa India si "Mombasa-made", hata kama jina lake na maneno yake ni ya kwetu kabisa. Kibao chake kiandikwe "Mombasa-designed, Indian-printed leso", kwa vistari vyote viwili.